Mvumo

Bi Thuwaiba hakusema "kelele".
Alisema, "Njoo ulisikilize kabati langu."
Nikaenda, saa tano na robo usiku,
kipima-sauti mkononi, viatu vimejaa vumbi la uwanja wa Amerat,
na kweli: vikombe vya kahawa, vile visivyo na mkono,
vilikuwa vikigonganisha meno
kama watoto waliotolewa majini.

Mwimbaji hatukumsikia. Wala udi wake.
Kilometa mbili za mawe zilikwisha kumchuja,
maneno yakabaki kule, kwa wenye tiketi.
Kilichotufikia ni kile cha chini,
kisichobisha hodi, kisichojua ukuta,
kinachokaa kifuani mwa mtu
kama deni.

"Ngoma gani hii," akauliza, "isiyo na wimbo?"
Kiswahili chake cha Wete, changu cha jikoni kwa mama.

Nikamwonyesha namba. Ndogo, ya adabu,
namba ya kupigiwa muhuri ofisini.
Akaisoma kwa miwani, akanirudishia.
"Mashine yako ina sikio la bwana harusi.
Linasikia linachopenda."
Nikageuza kipimo, kutoka A kwenda C,
namba ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa.
Miaka minne nimekuwa nikiandika A.

Kesho yake tuliyapanga upya masanduku ya besi:
mawili yatazame mbele, la tatu litazame nyuma
na lichelewe kidogo, chini ya kupepesa jicho,
sauti ikutane na sauti nyuma ya jukwaa
zimalizane huko huko.
Yakdhan, fundi wa jukwaani, alisema haitafanya kazi,
kisha akazunguka nyuma, akasimama,
akavua kofia kana kwamba kuna msiba.

Vikombe vya Bi Thuwaiba vikanyamaza.
Alinifungia halwa kwenye karatasi ya kung'aa.
"Mungu akupe usingizi kama ulionipa."
Niliila garini, kwa vidole, nikijisifu.

Ningepita njia kubwa, nisingejua.
Nilikata wadi kavu, na ng'ambo yake
kulikuwa na taa moja, geti, na nyumba za bati
zimepangwa kama makreti ya soda,
na bati lote lilikuwa linaimba.

Mlinzi alikuwa na kiti cha plastiki na chupa ya chai.
Nikamsalimu kwa Kiarabu, akajibu kwa shida,
nikaona jina kifuani: Barasa.
"Mkuu, kumbe tunaelewana," akasema. "Jana ilikuwa afadhali.
Leo ni kama mmetuelekezea sisi."

Ndani, Delwar, dereva wa winchi,
alikuwa amevuta godoro katikati ya chumba, mbali na kuta.
Saa tisa na nusu basi linamchukua.
Atapanda mita arobaini, na chuma kitaning'inia juu ya vichwa vya wenzake,
na macho yake yatakuwa haya ninayoyaona.

"Mbona hamkupiga simu?"
Barasa akacheka, si kwa ubaya.
"Namba ya malalamiko tunaijua. Iko kwenye bango.
Bango liko ndani ya uwanja,
ukishapita mahali pa kulipia."

Kelele ya chini haifi. Huhama.
Ukiifukuza chumba hiki inakwenda
kwa yule asiye na kufuli.

Nikawasha mashine. Nikaandika C.
Nikatafuta jina la kambi kwenye ramani yetu:
pale pameandikwa *ardhi tupu*.

Nikampigia Yakdhan. "Shusha besi."
"Nishushe tena? Wageni watalalamika.
Na huko ulipo, kwani kuna nani?"

Nilikuwa na majibu mawili matatu, ya kiofisi.
Nikampa Barasa simu.